Sura ya Tano: Mwito Ndani ya Damu

Kila aliyekulia pwani ya Lindi anaujua mtoki. Mwiba wa samaki humchoma mvuvi unyayoni pale Kilwa Kivinje, au ganda la chaza humkata mwanamke kisigino akiwa kwenye matope ya mikoko, na baada ya siku moja au mbili uvimbe wenye maumivu hutokea kinenani, mbali na kidonda chenyewe. Kidonda cha mkononi hutoa uvimbe kwapani. Wazee waliujua utaratibu huu kabla darubini haijafika pwani, na wakimwona mtu anachechemea kwa mtoki walimwambia ageuze unyayo wautazame. Ujuzi huo una swali kubwa ndani yake. Habari za unyayo zilifikaje kinenani? Na seli zilizojazana kwenye kidonda hadi kikatoa usaha zilijuaje pa kwenda, ilhali hazina macho, masikio wala mishipa ya fahamu? Sura hii inajibu maswali hayo, na kwa kuyajibu inatetea hoja moja: kinga ya mwili haipimwi kwa wingi wa seli nyeupe za damu. Hupimwa kwa mwendo wake, yaani zimeitwa na nini, zimefika wapi, na zimeondoka lini. Anayeielewa hoja hii ataelewa pia kwa nini mabusha, matende na kichocho, maradhi yaliyowatesa watu wa pwani hii kwa vizazi, humwumiza mtu kwa namna yanavyomwumiza, na kwa nini baadhi ya tiba rahisi kabisa zina nguvu kuliko zinavyodhaniwa.

Tuanze na seli zenyewe. Mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina seli nyekundu zipatazo milioni nne hadi tano, na seli nyeupe elfu chache tu. Seli nyekundu hubebwa na mkondo kokote uendako. Seli nyeupe huitumia damu kama njia ya kupita, kwa kuwa kazi yake iko nje ya mishipa: kwenye ngozi, misuli, mapafu na utumbo. Zilizo nyingi miongoni mwake ni nyutrofili, ambazo uboho wa mifupa ya mtu mzima huzitengeneza kwa makumi ya bilioni kila siku, na ambazo huishi muda mfupi, saa kadhaa mpaka siku chache. Wa kwanza kuonyesha kwamba seli za namna hii huenda zenyewe kwenye jeraha alikuwa Élie Metchnikoff, mwanabiolojia aliyezaliwa katika Dola ya Urusi. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo ni angavu kama kioo, akavichoma kwa miiba midogo ya waridi. Asubuhi yake alikuta seli zimeizingira miiba hiyo pande zote. Viluwiluwi hivyo havina mishipa ya damu wala moyo, kwa hiyo seli hazikusukumwa pale na mkondo wowote. Zilikwenda. Kwa kazi aliyoijenga juu ya jambo hilo, Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich, na tangu hapo swali likawa si kama seli hizi hutembea, bali zinafuata nini.

Zinafuata kemikali, na baadhi ya kemikali hizo hutoka kwa adui mwenyewe. Bakteria huanza kutengeneza karibu kila protini kwa methionini iliyobandikwa kundi dogo liitwalo formili. Protini zinazotengenezwa kwa maelekezo ya kiini cha seli zetu haziwi na alama hiyo, kwa hiyo vipande vyenye formili vikionekana mwilini kwa kawaida ni ushahidi kwamba bakteria wapo. Mwaka 1975 Elliott Schiffmann na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba vipande hivyo vifupi vya protini vinatosha peke yake kuzivuta seli nyeupe. Mwili nao una miito yake. Seli za ngozi zilizoguswa na bakteria, na makrofaji zinazokaa humo humo kwenye nyama kama walinzi wa kudumu, hutoa protini ndogo ziitwazo kemokini. Mojawapo, intalukini ya nane, iligunduliwa mwaka 1987 na ni miongoni mwa miito mikali zaidi kwa nyutrofili. Kuna pia mwito wa uharibifu mtupu. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, viwanda vya nguvu ambavyo asili yake ni bakteria wa kale, na vyenyewe bado huanza protini zake kwa formili. Seli yetu ikipasuka, mitokondria humwagika, na nyutrofili huitwa hata kama hakuna bakteria hata mmoja. Tulishike jambo hili vizuri, kwa sababu litatuhusu tutakapofika kwenye minyoo: mwili unaweza kuitika mwito mkali mahali ambapo hakuna wa kupigana naye.

Mwito ukishatolewa, safari huanza ndani ya mshipa. Ukuta wa mshipa ulio karibu na kidonda hubadilika, hutoa protini zenye kunata kidogo, na nyutrofili iliyokuwa inapita kwa kasi huanza kubingirika juu ya ukuta huo polepole. Kemokini zilizobandikwa hapo zikiigusa, nyutrofili hukaza protini zake nyingine ziitwazo integrini, hunasa, husimama, kisha hujipenyeza kati ya seli za ukuta na kutokea upande wa pili. Kuanzia hapo hutambaa. Mbele, nyuzi za aktini hujijenga na kusukuma utando wa seli kuelekea kwenye mwito. Nyuma, nyuzi nyingine hukaza na kuuvuta mkia. Mwendo ni kama mikromita kumi kwa dakika, kwa hiyo milimita moja huichukua saa moja na dakika arobaini hivi. Kinachostaajabisha zaidi ya mwendo ni uelekeo. Mwaka 1977 Sally Zigmond aliziweka nyutrofili katika chumba chembamba cha kioo chenye kemikali nyingi upande mmoja na chache upande wa pili, akaona kwamba seli yenye upana wa kama mikromita 12 hutambua tofauti ya takriban asilimia moja tu kati ya ubavu wake huu na ule. Mtu anayefuata harufu ya samaki wanaokaangwa sokoni usiku lazima atembee kidogo, anuse, ageuke, anuse tena. Nyutrofili haihitaji hivyo. Hulinganisha pande mbili za mwili wake kwa wakati mmoja, ikajua pa kuelekea kabla haijapiga hatua.

Sasa tunaweza kuujibu mtoki. Siyo seli zote zinazoelekea kwenye kidonda. Nyingine hutoka humo. Seli zenye matawi zilizo chini ya ngozi humeza vipande vya bakteria, hubadilisha vipokezi vyake, na badala ya kuitika mwito wa kidonda huanza kuitika kemokini zinazotoka kwenye mishipa ya limfu. Huingia humo, hupandishwa na maji ya limfu mguuni hadi kwenye tezi za kinena, na kule huwaonyesha limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ushahidi zilioubeba. Tezi huwazuia limfosaiti waliokuwa wanapita, wale wanaotambua ushahidi huo huongezeka kwa kugawanyika, na tezi huvimba na kuuma. Bakteria wenyewe wakifika huko uvimbe huzidi. Mtoki, basi, ni mahali ambapo habari zimefika. Usaha wa unyayoni na uvimbe wa kinenani ni sehemu mbili za mwendo mmoja, na zote mbili huonyesha kwamba seli ziko pale zinapotakiwa. Hilo ndilo linalotakiwa kupimwa tunapozungumzia kinga.

Msomaji anaweza kusema kwamba wingi nao lazima uwe na maana: penye seli nyingi pana kinga zaidi. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwani mtu ambaye uboho wake umekauka kabisa hawezi kuishi salama. Lakini maumbile yenyewe yametupa vipimo viwili vinavyotenganisha wingi na mwendo. Cha kwanza ni ugonjwa wa nadra wa kurithi ambao mtoto huzaliwa bila integrini timamu kwenye seli zake nyeupe. Kitovu chake huchelewa kudondoka, wakati mwingine kwa zaidi ya wiki tatu. Vidonda vyake havitoi usaha. Na bakteria wa kawaida wanaweza kumwua. Ukipima damu yake unakuta seli nyeupe nyingi kupita kiasi, mara kadhaa kuliko za mtoto mzima wa afya. Zimejaa barabarani na hazina uwezo wa kutoka. Kipimo cha pili kinatuhusu sisi moja kwa moja. Waafrika walio wengi wa magharibi, kati na mashariki mwa bara hili hawana protini ya Duffy kwenye seli zao nyekundu, na ndiyo sababu kimelea cha malaria aina ya vivax huwapata kwa shida. Protini hiyo hunasa kemokini, na kukosekana kwake kunaendana na nyutrofili chache zaidi katika damu, wakati mwingine chini ya 1,500 kwa mikrolita, kiwango ambacho vitabu vilivyoandikwa kwa kupima damu ya Wazungu hukiita upungufu. Watu hawa hawaugui maambukizi zaidi ya wengine. Damu iliyochotwa mkononi huhesabu wasafiri walio njiani wakati ule tu. Haisemi ni wangapi wameshafika, wala kama wataweza kufika watakapoitwa.

Tukishakubali kwamba kinga ni mwendo, lazima tukubali pia kwamba mwendo unaweza kutumiwa vibaya, na hapa kichocho ni mwalimu mkali. Kichocho cha mkojo huenea pwani hii kupitia konokono wa maji baridi wa jenasi ya Bulinus, wanaoishi kwenye madimbwi, mabwawa na vijito ambamo watu huoga, hufua na kulima mpunga. Lava hutoka kwa konokono, hupenya ngozi, na hatimaye minyoo wazima, dume na jike pamoja, huishi miaka kadhaa katika mishipa ya vena inayozunguka kibofu. Wazima hawa hujificha kwa ustadi. Hujivika protini za mwenyeji wao na kupita wakionekana kama sehemu ya mwili. Tatizo ni mayai. Jike hutaga makumi mpaka mamia kwa siku, na yai lazima litoke ndani ya mshipa, lipite ukuta wa kibofu, lifike kwenye mkojo, kisha kwenye maji. Lakini yai halina miguu. Linachofanya ni kuita. Hutoa protini zake kupitia vitundu vya ganda, na seli nyeupe za aina ya eosinofili, makrofaji na limfosaiti huja kwa wingi, hulizingira, na msongamano huo wa seli ndio unaolisogeza yai kuelekea upande wa pili.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1997 Diana Karanja na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume waliokuwa wakiosha magari kando ya Ziwa Victoria, Kisumu, wenye kichocho cha utumbo, ambacho ni ndugu wa hiki cha mkojo. Wale walioambukizwa Virusi vya UKIMWI na ambao seli zao za CD4 zilikuwa zimepungua walitoa mayai machache kwenye choo kuliko wenzao wasio na virusi hivyo. Seli za CD4 ndizo zinazoongoza mkusanyiko wa seli nyeupe kuzunguka yai. Zikipungua, yai hukosa wa kulisukuma. Kwa maneno mengine, mnyoo huyu amejifunza, katika maelfu ya miaka, kuufanya mwendo wa kinga yetu kuwa chombo chake cha safari. Na gharama tunailipa sisi. Mayai mengi hayafiki kwenye mkojo. Hubaki yamekwama, seli huendelea kuitwa, na mahali pa kila yai hubaki uvimbe mdogo ambao baadaye hugeuka kovu. Makovu hayo yakijaa kibofuni huziba njia ya mkojo na kuumiza figo, na kichocho cha mkojo kinatambulika kimataifa kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta maumivu, damu na ugumba, dalili ambazo mara nyingi hudhaniwa kuwa za magonjwa ya zinaa. Mwanamke mwenye dalili hizo huaibishwa kwa kosa ambalo hakulitenda, wakati alichofanya ni kuteka maji au kupandikiza mpunga.

Kutokana na hayo unatoka uamuzi wa vitendo ambao hauonekani mtu akidhani kwamba mnyoo ndiye ugonjwa wote. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo wazima vizuri, lakini haiyayeyushi mayai yaliyokwisha kukwama wala makovu yaliyokwisha kuota. Mtoto anayetibiwa mapema anaokolewa na mayai ambayo yangetagwa kwa miaka mingi, na miito ambayo ingetolewa na kila moja. Mtu mzima anayetibiwa akiwa na miaka 40 anaokolewa na yajayo tu. Kwa hiyo dawa inayotolewa shuleni si zawadi ya mara moja kwa watoto wanaokojoa damu. Ni kuuzima mwito kabla seli hazijajenga kovu. Katika sehemu nyingi za Afrika damu katika mkojo wa mvulana ilichukuliwa kuwa dalili ya kukua, kwa sababu karibu kila mvulana alikuwa nayo. Wingi wa jambo haulifanyi kuwa la kawaida kwa mwili.

Mabusha na matende yana kisa cha kinyume, nacho kinaithibitisha hoja hiyo hiyo. Mnyoo wake, Wuchereria bancrofti, huletwa na mbu wanaouma usiku, na kwenye pwani ya Lindi kama kwingineko pwani wamo mbu wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu pamoja na wale wanaoeneza malaria. Si kweli kwamba madafu huleta mabusha, kama inavyosemwa sana. Mnazi hauna hatia, na anayeyaacha madafu bila kutumia chandarua hajajikinga na chochote. Minyoo wazima huishi ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka mitano, saba au zaidi, na kwa wanaume hupenda sana mishipa ya korodani. Jike huweza kufika sentimita nane hadi kumi. Ungetarajia mwili utamwita kila askari alionaye dhidi ya kiumbe mkubwa kiasi hicho. Badala yake watu wengi wenye maelfu ya vijidudu, yaani watoto wa mnyoo huyo, katika damu ya usiku hawasikii chochote. Mnyoo aliye hai huunyamazisha mwito. Huchochea seli za kinga zinazotuliza wenzao, na hutoa kemikali zinazopunguza ukali wa seli nyeupe. Anachofanya polepole ni kuipanua mishipa ya limfu anamoishi, hadi vali zake zisifunge vizuri na maji yaanze kurudi nyuma.

Kelele huanza mnyoo anapokufa. Ndani ya seli zake wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, ambao mnyoo hawezi kuishi wala kuzaa bila wao. Mwili wa mnyoo ukioza, bakteria hao humwagika, na mwito mkali wa bakteria hutolewa katikati ya mshipa wa limfu. Watafiti wa Hamburg walionyesha mwaka 2001, kwa mnyoo ndugu yake anayeleta upofu wa mtoni, kwamba Wolbachia ndio wanaozivuta nyutrofili kuzunguka minyoo. Bakteria wakiondolewa kwa antibaiotiki, nyutrofili hutoweka kwenye vinundu. Kwa mnyoo wa mabusha, ushahidi ulitoka pwani yetu wenyewe. Katika kijiji cha Kimang'a, wilaya ya Pangani, wanaume 72 waliingizwa kwenye jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. Baadhi walimeza doksisaiklini kila siku kwa wiki nane, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 14, kipimo cha ultrasaundi kilikuta minyoo hai kwa wanaume sita kati ya 27 waliopata dawa, na kwa 24 kati ya 27 ambao hawakuipata. Bakteria walikufa kwanza, mnyoo akafuata taratibu. Mwendo wa seli nyeupe ulikuwa umeondolewa kichocheo chake kikuu kabla mnyoo hajafa.

Hapa patatokea pingamizi la msingi. Je, si rahisi zaidi kusema kwamba minyoo huziba mirija, maji yakajaa, na mguu ukavimba? Maelezo haya yamefundishwa kwa muda mrefu, na yana mvuto kwa sababu kila mtu amewahi kuona bomba lililoziba. Lakini ultrasaundi iliyoanza kutumiwa huko Recife, Brazil, katika miaka ya 1990, iliwaonyesha minyoo hai wakijinyonganyonga ndani ya mishipa iliyopanuka, isiyozibwa. Na kama kuziba ndicho chanzo, matende yangekua hatua kwa hatua bila vipindi. Wagonjwa wenyewe husimulia jambo tofauti: huja homa kali, mtetemeko, mguu unakuwa mwekundu na wa moto, mtoki unauma, siku kadhaa mtu hawezi kwenda shamba wala baharini, kisha hutulia, na kila mara mguu hubaki mnene kidogo kuliko awali. Mashambulizi hayo kwa sehemu kubwa hayaletwi na mnyoo. Huletwa na bakteria wa kawaida wanaoingia kwenye nyufa kati ya vidole, katika mguu ambao limfu yake haitiririki tena vizuri. Nyutrofili huitwa, hufika, hufanya kazi yake, na katika kuifanya humwaga vimeng'enya vinavyoharibu nyama ya jirani. Katika mguu wa afya uharibifu huo husafishwa: nyutrofili hufa, makrofaji huzimeza, mwito hufungwa. Katika mguu wa matende usafishaji hudorora, na kila mwito huacha ngozi nene zaidi.

Ndiyo maana maji, sabuni na kitambaa kikavu vina nafasi kubwa katika tiba ya matende. Kuosha mguu kila siku, kukausha vizuri kati ya vidole, kupaka dawa ya fangasi au antibaiotiki penye ufa, kuuinua mguu na kuuchezesha, hupunguza mashambulizi, na wagonjwa wengi waliofuata utaratibu huo wameona mguu ukipungua. Anayedhani mnyoo ndiye anayevimbisha mguu ataona sabuni ni kumliwaza mgonjwa tu. Anayejua kwamba kila ufa ni mlango wa bakteria, na kila bakteria ni mwito, ataona kwamba sabuni inatibu chanzo cha uvimbe wa kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uko kati ya vidole, na ukuta ni ngozi iliyogeuka ngumu. Kwa mabusha, ambako maji yameshajaa, upasuaji ndio tiba, na ni upasuaji unaowezekana katika hospitali ya wilaya. Mwanamume aliyejificha ndani kwa miaka kwa aibu anaweza kurudi kwenye ngalawa na kwenye mikutano ya kijiji, na hospitali za mkoa wa Lindi zimekuwa na kambi za upasuaji wa namna hiyo.

Pingamizi la pili husikika kila msimu wa kingatiba. Tanzania ilianza kugawa ivermektini na albendazoli mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, kaskazini mwa Kilwa, kisha wilaya nyingine za pwani zikafuata. Baadhi ya watu walimeza, wakapata homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, wakahitimisha kwamba dawa ni sumu au kwamba ina nia nyingine iliyofichwa. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa sababu maumivu ni ya kweli. Lakini tuulize ni nani hasa huumwa. Mara nyingi ni yule ambaye damu yake ilikuwa na vijidudu vingi. Dawa ikiviua kwa wingi usiku mmoja, vijidudu hivyo humwaga yaliyomo, Wolbachia wakiwemo, na seli nyeupe zilizokuwa zimenyamazishwa kwa miaka husikia mwito wote kwa mara moja. Homa hiyo ni mwili ukiamka. Kwa kawaida hupita ndani ya siku chache, na mwaka unaofuata, vijidudu vikiwa vimepungua, hupungua pia. Wagawa dawa wakilieleza jambo hili mapema, kabla ya vidonge kutoka kwenye kopo, mwanakijiji atakayepata homa ataielewa badala ya kuiogopa. Na kwa kuwa vidonge hivyo haviwamalizi minyoo wazima, ambao huendelea kuzaa kwa miaka, kumeza mara moja hakutoshi. Asiyehisi ugonjwa wowote naye anatakiwa kumeza, kwa sababu ukimya unaweza kuwa dalili ya mnyoo aliye hai.

Litabaki pingamizi la mwisho, nalo ni la haki. Ikiwa seli zetu wenyewe ndizo zinazojenga makovu ya kibofu na unene wa mguu, kwa nini tusizizuie? Jibu limo kwa watoto wale wasio na integrini. Mwendo ukizuiwa, bakteria wa kawaida huua, na kitovu cha mtoto mchanga kinakuwa hatari. Dawa zinazotuliza kinga zina mahali pake hospitalini, lakini kijijini zingeua watu wengi kuliko wale ambao zingewaponya. Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi siku hizi: chupa na vifurushi vinavyouzwa kwa ahadi ya kuongeza kinga, kana kwamba mwili wenye seli nyingi zaidi ni mwili salama zaidi. Mgonjwa wa kichocho hakosi seli nyeupe. Zimejazana kwenye kibofu chake kupita kiasi. Mgonjwa wa matende hakosi pia. Wanachokosa ni kuondolewa kwa kitu kinachoziita bila kukoma. Kati ya kuzizuia seli na kuziongeza kuna njia ya tatu iliyo bora kuliko zote mbili, nayo ni kupunguza miito isiyo ya lazima ili seli zibaki na kazi zinazostahili.

Kwa kipimo hiki, mambo yanayoonekana kuwa ya idara tofauti yanakuwa kazi moja. Chandarua kinachomzuia mbu, choo cha shimo kilichofunikwa vizuri, kisima kinachomwondolea mtoto haja ya kuingia dimbwini, prazikwanteli shuleni, kingatiba kwa anayejiona mzima, sabuni kwa mguu uliovimba, na upasuaji kwa aliyechelewa, vyote hufanya jambo lile lile kwenye hatua tofauti: huzuia au hufunga mwito ambao seli nyeupe haziwezi kukataa kuuitika. Seli hizo hazina uamuzi. Zikiitwa, zitakwenda, iwe kwenye mwiba wa leo unyayoni au kwenye yai lililokwama miaka kumi iliyopita. Uamuzi uko kwetu, na mkoa utakaopanga afya yake kwa kuhesabu miito iliyozimwa, badala ya kuhesabu wagonjwa waliokwisha kuvimba, utakuwa umeielewa damu ya watu wake.